Albamu Yangu na Saa ya Jirani

Siku hizi wasichana wa namna yangu wanaitwa wanamitindo, na wakipita watu wanageuza shingo. Enzi za Ujamaa kazi hiyo haikuwa na jina nyumbani kwetu Kariakoo. Mama aliiita kujianika. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," aliniambia nilipomweleza kwamba kiwanda kimoja cha nguo kinatafuta wasichana wa kupigwa picha kwa ajili ya kalenda ya vitenge vyake, na kwamba anayetaka apeleke albamu ya picha zake. Wakati huo nilikuwa taipisti katika ofisi moja pale Posta. Kutwa nakaa nyuma ya mashine, watu wananipa karatasi bila kunitazama usoni. Nilitaka kuonekana, sina sababu nyingine ya kuwadanganya nayo. Nilitaka Kariakoo nzima initazame, halafu niringe.

Shida ni kwamba wakati ule picha haikuwa jambo la mtu mmoja. Ulipigwa picha ili ndugu waliobaki kijijini waone kwamba mjini mambo yako si haba, kwa hiyo hukwenda studio na ulichonacho, ulikwenda na vya nyumba nzima. Habari ya albamu ilipofika uani, hakuna mpangaji hata mmoja aliyeniuliza kama najua kusimama. Mke wa dereva, jirani wa chumba cha pili, alileta saa yake ya mkononi. Mjane wa chumba cha mbele alileta pochi nyeupe ambayo tulikuwa tukiiona Idi kwa Idi tu. Shangazi yangu akatoa viatu vyake vya mchuchumio. Nilifurahi nusura nilie. Nilichokuwa sikijui ni kwamba saa haiazimwi ikaenda studio peke yake. Jumamosi niliongozana na wenye mali wote, wamejifunga khanga mpya utadhani tunapeleka posa.

Studio ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, mali ya mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akija kila asubuhi kutoka Upanga. Ukutani alitundika pazia lililochorwa ngazi za ndege. Filamu zilikuwa adimu, naye alikuwa na sheria moja: kila mkao picha moja, ukifumba macho shauri yako.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Na hawa wengine ni nani?"

"Mimi ni wa saa," mke wa dereva akajibu.

Mzee alipoinamia kamera tu, mke wa dereva akapiga kelele kwamba saa haionekani. Nikainua mkono. Akataka niuinue zaidi, watu wajue kwamba inatembea. Picha ya pili, mjane alitaka pochi ikae kifuani kwa sababu ya kile kifungo chake cha rangi ya dhahabu. Ya tatu, Shangazi aliniketisha kitini nikanyoosha miguu mbele kama mgonjwa anayesubiri kufungwa bendeji. Mzee akajaribu kusema kwamba kitenge hakionekani.

"Kitenge kila mtu anacho," Shangazi akamkata.

Albamu ilipokamilika, hata Mama, pamoja na methali yake, aliibeba kwenda kuwaonyesha jirani wa ng'ambo ya barabara. Mimi nikaipeleka kiwandani kichwa juu. Afisa aliyenipokea alikuwa bwana mmoja mwenye suti ya mikono mifupi na sura ya mtu asiyepata usingizi. Akafunua kurasa polepole.

"Ndugu," akasema, "naona saa. Naona pochi. Hapa naona soli za viatu. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Hasira zangu haziitwi mara mbili. "Niko nyuma ya pochi," nikamjibu. "Ungetaka kuniona ungenitafuta."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwamba wao wanauza nguo, saa hawauzi. Nirudi Ijumaa na picha moja nimevaa kitenge, mikono mitupu.

Nyumbani ikawa msiba. "Mikono mitupu?" mjane aliuliza. "Ndiyo watu waseme huna watu?" Mke wa dereva akanuna, akadai nimesema saa yake ina nuksi. Hawakuwa wabaya, hilo lazima niliseme. Walinipa vizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo, na iliniuma kuvirudisha. Lakini kalenda niliitaka kuliko nilivyotaka amani. Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, nilitoka ofisini nikaenda studio peke yangu.

Kumbe mikono mitupu ni mzigo. Niliiweka kiunoni, nikaonekana mgomvi. Nikaikunja kifuani, nikaonekana nasubiri kumfumania mtu.

"Iache tu," mzee akasema.

"Niiache wapi?"

"Mwanangu, filamu imebaki moja. Usinimalizie subira."

Nikapandwa na hasira za kweli. Nikainua kidevu nimwambie kwamba sura ni yangu na subira ni yake, na kabla sijafungua mdomo akabonyeza.

Ijumaa yule afisa aliitazama picha ile kwa muda. "Kumbe upo," akasema. Baadaye wakaniita kupigwa nyingine, ya rangi, nikaagizwa nikasirike vilevile.

Kalenda ilipotoka, mimi mwenyewe niliiona mara ya kwanza katika duka la Mchaga mmoja mtaani kwetu, siku sukari ilipoingia. Foleni ilikuwa imekunja kona. Nilikuwa na kikapu, khanga iliyopauka, na nywele nimesuka mtindo wa twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma tu. Nilipokaribia mlango nikanyanyua macho, nikajiona ukutani juu ya magunia, kitenge kimenikaa, kidevu juu. Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nikatoka kwenye foleni, nikaenda moja kwa moja mpaka mbele.

"Kaka," nikamwambia mwenye duka, "yule pale ni mimi."

Akaitazama kalenda. Akanitazama mimi, kuanzia nywele mpaka ndala. Akairudia kalenda.

"Sawa, dada," akasema kwa upole. "Yule akija, nitampa sukari bila foleni. Wewe rudi nyuma."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Niliona uchungu hasa. Nilikuwa nimetaka Kariakoo nzima initazame, na sasa ilikuwa inanitazama kweli: msichana mwenye kikapu anayetaka kuruka foleni. Nafasi yangu ilikwishachukuliwa, nikaenda kusimama mwisho kabisa, huko kwenye kona. Sukari ilikwisha kabla zamu yangu haijafika, na yule wa ukutani alikuwa bado ameinua kidevu, hana habari.