Abiria wa Kufungua

Injini ya bajaji ya mzee Albano ilikuwa imeshauzwa ili zipatikane betri, kwa hiyo njia ya kurudi nyuma haikuwepo. Mahali pake Editha, bintiye, alifunga mota ya mashine ya kusaga iliyosukwa upya, pamoja na inveta aliyoanza kuibuni tangu akiwa chuo, ya kuugeuza umeme wa betri uweze kuizungusha mota hiyo. Juu ya meza ilizunguka kama pia. Lakini kila mara bajaji ilipoondoka na abiria, mota ilitetemeka kama mwenye homa, ikavuta umeme kupita kiasi, na transista za inveta zikapasuka. Editha alirudia hesabu, akabadili nyaya, akarudia tena. Ilifika mahali akawa anaisikia harufu ya kuungua hata kabla hajawasha.

Sasa zilibaki transista za mwisho. Akauwekea umeme kikomo: hazitaungua, ila bajaji haitaweza kupanda kilima ikiwa na abiria. Alimweleza baba yake hivyo akiwa ameinamisha macho. Mzee akauliza kama itatembea. Akajibu itatembea, mzee akiwa peke yake ndani.

“Inatosha,” alisema mzee, akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo.

Asubuhi Editha akatangulia kwa miguu hadi kijiweni, chini ya kilima cha Kijichi, maana hata uzito wake ulikuwa mwingi. Pale kila mtu alijua kwamba Albano hajawahi kumkataa abiria wa kufungua siku. Kumkataa ni kujitafutia mkosi. Mama Hope, na ndoo zake za maandazi, alikuwa ameziachia bajaji nyingine zipite ili amfungulie yeye.

Bajaji ikaja kimya kimya.

“Shikamoo, mzee. Leo nakufungulia mie.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekodiwa,” alijibu Albano, wala hakusimama.

Mwinshehe, dereva mwenzake, akaangua kicheko. “Kakodiwa na nani, na kiti kitupu? Umeme umempa mzee kiburi.”

Albano akapanda kilima, mgongo umenyooka, akiwapungia mkono.

Mama Hope akapakia ndoo zake kwa Mwinshehe. Kabla ya kuingia akamgeukia Editha, akamuuliza taratibu, “Nimemkosea nini baba yako?”

“Si wewe, mama,” alisema Editha, akaanza kupanda kilima kwa miguu.