Vya Ndani Viko Nje

Kioo cha kompyuta kiliandika: Hakuna sauti iliyohifadhiwa. Nikaufungua ukurasa upya. Kikaandika vilevile. Nilikuwa nimevaa visikilizio vya ofisini, sikio moja ndani, sikio moja nje, simu nimeiegesha kwenye kikombe cha chai ikiwa spika wazi. Upande wa pili, Dar es Salaam, fundi wetu wa mitambo alikuwa anatafuna kitu.

"Mama, kontena limewaka?"

"Limewaka. Lakini halina kitu."

Akaacha kutafuna.

"Halina kitu kivipi?"

"Tupu. Linasema hakuna sauti."

"Mama, usiguse kitu," akasema. "Usiguse kitu kabisa."

Nisiguse nini tena? Mama yangu mzazi alikuwa mle ndani, kwa sauti yake mwenyewe, anataja watoto wake mmoja mmoja. Na mimi nilikuwa nimeshamwondoa kwa vidole vyangu, kwa maelekezo ya mtu anayetafuna.

Nieleze vizuri, maana wapo wanaoeleza vingine.

Mimi ni mtu wa Msimbati, shule nimeishia darasa la saba. Kwetu tulizaliwa watano. Kaka zangu wawili walikufa maji siku moja, kwenye chombo kimoja, na mimi nilikuwemo. Nilishikilia dumu mpaka watu wakaja. Dada mmoja alifia kwenye uzazi, mwingine kwa maradhi yaliyomkausha taratibu. Nikabaki mimi na mama. Picha hatuna. Wakati ule nani alikuwa na kamera Msimbati? Kilichobaki cha ndugu zangu kilikuwa kichwani kwa mama.

Nilipopata kazi ya kufagia na kupika chai katika ofisi moja pale mjini, Rahaleo, niliona bahati. Ule ulikuwa mradi wa kukusanya maneno ya zamani ya pwani yetu, Kimgao, kile Kiswahili ambacho wazee wanazikwa nacho. Mratibu, mama mmoja aliyeletwa kutoka bara, akaniuliza kama nawajua wazee wanaokisema bado. Nikamwambia ninaye mmoja nyumbani, na wengine kwa majirani.

Wakaenda na gari. Mama alikuwa amekaa ukumbini anabangua korosho. Kijana wa kurekodi akamwomba aache kidogo, zile korosho zinapiga kelele.

"Nikiacha kubangua na kusema naacha," mama akamjibu. "Chagua."

Akarekodiwa na korosho zake. Alisema alivyomzaa kila mtoto, nani alitoka analia, nani alitoka kimya mpaka akapigwa kofi, na kwa nini kila mmoja alipewa jina alilopewa. Aliwasema wale waliokufa kama wametumwa dukani na wanakawia. Maneno mengine yalikuwa ya Kimgao chenyewe, siyaandiki hapa kwa sababu sijui yanavyoandikwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nalia, sitaki aone. Mambo yale hakuwahi kuniambia mimi. Aliwaambia wageni.

Baadaye fundi wa mitambo akahamishiwa Dar. Kabla hajaondoka akaniita kwenye chumba cha mashine.

"Shikamoo mama. Leo nakufundisha kuingia kwenye makontena."

Nikacheka. Makontena ninayoyajua mimi ni yale ya bandarini, na yale watu wanayatoboa dirisha wanauzia soda. "Mwanangu," nikamwambia, "na kiuno hiki niingie kwenye kontena?"

Akasema haya yamo ndani ya kompyuta. Akanifananishia na nyumba ya kupanga. Kompyuta ni nyumba moja, paa moja, umeme mmoja, ila ina vyumba, na kila chumba kina mlango wake. Chumba kimoja kinakaa tovuti, kingine kamusi, kingine zile sauti. Mpangaji wa hapa hajui mpangaji wa pale anapika nini. Umeme ukikatika, na umeme wetu unajua kukatika, vyumba vyote vinazima, na ukirudi haviwaki vyenyewe. "Ilitakiwa viwake vyenyewe," akasema. "Nitakuja kurekebisha." Hakurekebisha. Kwa hiyo mtu wa kuwasha nikawa mimi, mwenye ufagio.

Nikajifunza. Unaandika jina la kuingilia, halafu nywila. Nywila ukiiandika haionekani hata nukta. Mara ya kwanza nilidhani kibodi imekufa, nikaibonyeza mpaka fundi akanishika mkono. Halafu unaita orodha, unaona nani amelala. Unamwasha. Ukitaka kuingia chumbani kwake unaandika maneno fulani, na alama ya mwanzo wa mstari inabadilika, ndiyo unajua umeshaingia. Kiingereza chake sikukijua, niliyashika maneno kwa sura, kama unavyomjua mtu wa sokoni bila kujua kwao.

Nikamuuliza swali moja. "Na mpangaji akifukuzwa, vyombo vyake je?"

"Vyombo havikai chumbani, mama. Tumeviweka stoo. Vya ndani viko nje. Chumba unaweza kukivunja leo, ukajenga kingine, ukamrudishia vyombo vyake vilevile."

Nikampelekea mratibu habari hiyo pamoja na chai yake. Akacheka, "Mama, wewe sasa injinia." Nikamuuliza, na hiyo stoo ikiungua? Akasema, mbele yangu, kwa mdomo wake: "Nakala ipo Dar, mama. Hii siyo ofisi ya mchezo."

Mama akafa mvua zilipoanza. Nikazika, nikakaa matanga, nikarudi kazini. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, nilikuwa nawasha makontena kama yamezima, navaa visikilizio, nafungua ukurasa wa sauti, namsikiliza mama anabangua. Simfichi mtu, ile ndiyo iliyokuwa inanitoa kitandani. Wenzangu walinitania, "Umeshamwamkia mama?" Nikawajibu nimemwamkia, na kasema mnafanya kazi kivivu.

Siku hiyo chumba cha sauti kikagoma. Kinawaka, kinazima. Nikampigia fundi.

"Aah, hicho kimechoka," akasema. "Kiondoe, tutaanzisha kipya kutoka kwenye kiolezo kilekile, ile ramani tuliyokijengea."

"Kuondoa sijawahi. Najua kuwasha na kuzima tu."

"Herufi mbili tu, mama. R na M, halafu jina lake."

"Na vilivyomo ndani?"

"Si nilikwambia? Vya ndani viko nje."

Nikaandika. Mashine ikakataa. Nasema kweli, mashine yenyewe ilikataa. Ikatoa maneno mengi. Nikamsomea fundi herufi kwa herufi, akasema, "Inalalamika kwa sababu bado kinahangaika kuwaka. Ilazimishe." Akanipa alama nyingine ya kuongeza. Nikailazimisha. Ikanirudishia jina la chumba, basi, kama mtu anayekukabidhi nguo za marehemu. Tukaanzisha kipya. Kikawaka vizuri, hakiyumbi. Kitupu.

Siku zilizofuata fundi alihangaika kutokea huko huko, akatafuta stoo yote. Mwisho akanipigia.

"Mama, nisamehe. Siku ya uzinduzi wageni walikuwa njiani, nikaziweka sauti ndani ya kontena kwa kujaribu tu. Nikasema nitazihamisha. Kamusi niliitoa nje, tovuti niliitoa. Sauti nikasahau."

"Na ile nakala ya Dar?"

"Mama, mimi niko Dar. Sijawahi kuiona."

Kadi za kurekodia nazo nikaziulizia. Kijana wa kurekodi akasema zilifutwa, zikatumike kurekodi kijiji kingine, na aliyesema zifutwe ni mratibu. "Aliniambia nakala ipo," akasema. Na yeye aliambiwa.

Kikao kikaitwa. Mimi niliingia na birika. Mratibu akasoma taarifa yake, imepigwa chapa, imenyooka: sauti zimepotea baada ya mhudumu wa ofisi kuondoa kontena pasipo utaalamu. Akageuza ukurasa, akataka kuendelea na mambo ya semina.

"Samahani bosi," nikasema, "mhudumu wa ofisi ndiyo mimi?"

"Mama, tutazungumza baadaye."

"Nani aliniambia niondoe?"

"Mama, hapa hatutafuti mchawi."

"Mchawi mmeshamwandika."

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mratibu akaniambia niweke birika nikapumzike. Nimepumzika mpaka leo, maana kesho yake mlinzi aliambiwa asinifungulie geti.

Nikaenda Msimbati kwa wale niliowapelekea wageni mimi mwenyewe. Jirani yetu mmoja, mjane, mume wake alirekodiwa siku moja na mama na sasa hayupo. Mjukuu wao alikuwa anakaribia kuoa, wanataka sauti ya babu isikike shughulini. Nilikuwa sijakaa, ananiuliza, "Umetuletea?"

"Imepotea, shangazi."

"Imepotea ndiyo nini? Sauti si mbuzi."

Nikamweleza vyumba, mlango, stoo. Akaniangalia mpaka nikanyamaza.

"Mlikuja hapa na gari, mkamkalisha mzee wangu tangu asubuhi na kikohozi chake," akasema. "Leo unakuja peke yako na miguu. Wale wenye gari wako wapi?"

Sitaki tena kuwa mimi ninayeulizwa.

Fundi, kosa lako ulilisema, lakini umelisema kwangu tu, kwenye simu. Liseme na huko ulikoajiriwa, ile taarifa ifutwe. Uliniambia nilazimishe, nikakutii.

Na wewe mratibu, wewe ndiye hasa. Fundi alisahau. Wewe hukusahau kitu, wewe ulisema kipo kitu ambacho hakipo, ukaniambia mimi, ukamwambia kijana wa kurekodi, na kwa neno lako kadi zikafutwa. Panda gari lako uende Msimbati. Kaa mbele ya yule mjane, umwambie mwenyewe: uliwahi kuiona hiyo nakala kwa macho yako? Kama hukuiona, kwa nini ulisema ipo? Mimi nitakuwepo, nitasikiliza. Nijibu.