Nikikataa Kuruka Maporomoko, Ataruka Mdogo Wangu

Dada huyu ameomba tufiche jina lake na la kijiji chake. Yaliyobaki tumeyaacha kama alivyoyaandika.

Habari zenu ndugu wasomaji. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja, naishi kwa wazazi wangu upande wa Kirua Vunjo, juu ya Moshi. Kabla ya haya nilikuwa nabeba mizigo ya watalii mlimani. Kwetu wanawake wa kazi hiyo ni wachache, kwa hiyo watu wananijua kama mtu asiyeogopa mahali pa juu. Siku hizi nikipanda darini tu kuchukua kuni, nashuka kabla sijazifikia.

Walikuja Wazungu kutengeneza filamu kubwa. Hadithi yake imetoka kwenye gemu, kama zile wanazocheza vijana kwenye vibanda vya mjini. Ina msichana shujaa anayekimbizwa na joka, ina wachawi na ngome. Ngome waliijenga kwa mbao na plasta kando ya korongo letu lenye maporomoko, na karibu kijiji kizima kikapata kazi. Baba analinda vifaa, mama na wenzake wanapika. Tangu kahawa ipoteze bei sijaona nyumba yetu ina furaha kiasi kile.

Mimi nilichaguliwa kuruka maporomoko badala ya mwigizaji wa huyo msichana, kwa kuwa tunalingana urefu, na nikishavaa joho na kofia ya chuma hakuna atakayejua. Nilifungwa waya kiunoni, na juu kulikuwa na mashine ya kunishusha taratibu mpaka karibu na mawe.

Niliruka bila wasiwasi. Nilipofika katikati nikahisi waya umelegea, na hapo nikajua sishushwi, naanguka. Nilipiga kelele nikimwita Mama Maria. Kisha waya ukanibana ghafla, nikabaki nimening'inia, maji yananipiga usoni, kidole cha mguu kinagusa jiwe. Huko juu nikasikia makofi. Walidhani kelele zangu ni uigizaji.

Mkubwa wao alifurahi sana, ila alitaka turudie. Aliniita kwenye hema akaniwashia gemu lenyewe, na kupitia mkalimani akanieleza kwamba yule msichana anageuka mara mbili hewani, na wapenzi wa gemu watalalamika filamu isipofanana nalo. Akiwa anacheza alikosea, msichana akaangukia mawe akafa. Akabonyeza kidogo, msichana akasimama tena mzima. Watu hemani wakacheka. Mimi nilitoka nje.

Nilimfuata fundi wa ile mashine, Singasinga mmoja wa Moshi mjini, mtu mpole. Alitazama kwanza kama kuna anayetusikia.

"Breki iliteleza, dada. Nimewaambia walete mashine nyingine, wakasema itachelewesha kazi, nikaze tu hii iliyopo."

Nilikwenda kwa msimamizi wa vibarua, Mtanzania mwenzetu kutoka Dar, nikamweleza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Kama unaogopa, pumzika, tutaweka mwingine," alisema. "Ila ukieneza maneno ya mashine mbovu, hawa watu watahamia nchi nyingine, na huko kijijini watajua nani kawafukuza."

Nikamwambia naacha. Nilirudi nyumbani nikipumua kama niliyeshushwa mzigo. Haikupita muda, mdogo wangu, binti wa miaka ishirini, akaingia anacheka. Amepewa nafasi yangu.

Nilimweleza kila kitu. Nikamwonyesha hata alama za waya kiunoni mwangu. Alisikiliza, kisha akaniambia, "Dada, wewe umeshapigwa picha. Mbona hutaki na mimi nionekane?"

Mama aliniomba nisimvunje moyo mwenzangu. Baba alisema watu wenye uwezo ule hawawezi kusafiri na mashine ya kuua watu. Nilimsihi fundi aje aseme na wazazi wangu, akakataa huku ameinamisha kichwa. Ana familia, na anaogopa kufukuzwa.

Nimerudi kwa msimamizi kusema nitaruka mimi. Amejibu kwamba kwake ni sawa yeyote, mradi mmoja wetu awe tayari. Tangu hapo mdogo wangu hanisemeshi, anaamini namnyang'anya.

Nikiruka, huenda namwacha mwanangu, na bado hajajua hata kuvaa viatu mwenyewe. Nikikaa pembeni, nitasimama pale juu nikimwangalia mdogo wangu akifungwa waya ule ule. Nikienda polisi, kazi itasimama, baba na mama watarudi kukaa bure, na sijui kama nitaweza kuishi tena kijiji hiki.

Sasa hivi wamesimama kwa sababu ya mvua, wanasubiri maji yapungue. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Msichelewe kunijibu. Kila asubuhi nikiamka nasikiliza mto, na kila siku sauti yake inazidi kupungua.