Chupa ya waini ndani ya mtungi wa maziwa

Leo nimeficha chupa ya waini ndani ya mtungi wa maziwa, nikapanda boda kutoka Kapseret mpaka town.

Mimi. Mzee wa kanisa. 😅

Mke wangu, Mama Chebet, aliinunua wiki ile anaenda kufanya kazi ya uuguzi ng'ambo. Akasema, "Tutaifungua nikirudi."

Basi nikaitunza. Nikaisimamisha kwa kabati kando ya TV, na kitambaa juu.

Leo nilitaka tu kujua inaweza kungoja miaka ngapi zaidi.

Msichana wa duka la waini akaiangalia kwa mwanga, akaniomba ruhusa aifungue. Akaizungusha kidogo kwa glasi, akanusa, akaonja, akatema.

Akaiweka glasi chini.

"Mzee, waini ya kuwekwa miaka mingi huwa na ukali, inakausha ulimi. Huo ukali ndio huibeba. Hii ilikuwa laini tangu mwanzo. Ilitaka kunywewa ikiwa bado changa."

"Lakini nimeitunza vizuri, nikimngoja mke wangu arudi," nikasema.

"Naona, Mzee. Hata ungeitunza vipi, haingefika."

Watu kwa foleni nyuma yangu wote wakakumbuka simu zao.

Akanimiminia kidogo nionje. Imechacha kabisa. Nikameza, maana kutema mbele ya watu siwezi.

Kisha akaniuliza, kwa upole sana, mwenyewe anarudi lini.

Nikamwambia Disemba.

Nyinyi mnaonijua, tafadhali msiniulize ni Disemba gani.