Mguu Mzima wa Pitchou

Brigitte alikuwa msusi ugenini, katika mtaa wa Berea, na vidole vyake vilishakufa ganzi kwa kuchovya ncha za rasta kwenye maji yanayochemka. Wateja walimtania kwamba angeweza kuopoa yai sufuriani bila kijiko.

Mwaka 2017 mumewe, Pitchou, mlinzi wa ghala Midrand, alichomwa kisu mgongoni, upande wa kulia. Mguu wa kulia ukalala. Wa kushoto ulisimama, ukakanyaga, ukambeba. Hospitalini walipomchoma pini kupima kama anasikia maumivu, aliitikia kila mara kwamba inauma, hata pasipouma, maana alichotaka ni kurudi nyumbani tu. Wakamruhusu.

Nyumbani Brigitte akaanza kumkanda, kama mama yake alivyowakanda wagonjwa wote kule Bukavu. Alitaka kitu kimoja duniani: mume wake atembee tena. Akamwambia atie kwanza mguu mzima kwenye beseni, apime maji, ndipo ule mgonjwa ufuate.

“Papa Victoire, moto iko sawa?” akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Hapana, Mama Victoire. Hii iko baridi. Ongeza ingine.”

Akaongeza. Akatia mikono, akasugua. Pitchou akafumba macho, akasema anaisikia mikono yake vizuri. Ngozi ilipoanza kutoka, Brigitte alidhani ni uchafu wa hospitali. Jamani, uchafu!

Waliporudi hospitalini, Daktari Jeptoo, Mkenya, alimweleza Brigitte polepole. “Mama, habari ya mguso na habari ya moto hazipandi njia moja kwenda kwenye ubongo. Ya mguso hupanda upande uleule wa mguu. Ya moto na maumivu, ikifika mgongoni, huvukia upande wa pili ndipo ipande. Kisu kilikata upande wa kulia. Moto wa mguu wa kushoto ulikwama hapo.”

“Lakini alisikia mikono yangu.”

“Ndiyo. Mikono yako aliisikia. Moto hakuusikia.”

Kidonda kikaoza. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Majuma machache baadaye, Pitchou akapiga kelele wodini. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vinacheza! “Mama Victoire, angalia! Inaamka!” Alicheka mpaka wagonjwa wenzake wakampigia makofi.

“Nilitarajia,” Jeptoo akasema kwa furaha. “Kwa jeraha la namna hii, mguu uliolala mara nyingi huamka wenyewe.”

Wenyewe. Brigitte akapiga makofi pamoja nao, akambusu mumewe kwenye paji la uso. Kisha akatoka nje ya wodi, akaketi sakafuni, akalia kwa uchungu.