Shada la Neema

Msinicheke sana, bado naona aibu. Napiga picha za harusi hapa Moshi, na ninajitangaza kwamba sichafui mazingira: maua ya plastiki sitaki, maputo sitaki, mapambo nachuma palepale shambani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mwika. Neema, bibi harusi, aliniamini hata shada lake nilitengeneze mimi. Nikazunguka nyuma ya migomba, nikakuta isale, ule mmea wa majani marefu, limezunguka sehemu ndogo iliyofagiliwa vizuri. Sikujiuliza nani anafagia katikati ya shamba. Mimi Mchagga wa mjini, wa mtaa wa Soweto hapa Moshi, isale nalijua kwa kazi moja tu: ni jani unalompelekea uliyemkosea, na akilipokea amekusamehe. Nikaona linafaa sana kwenye ndoa. Nikalikata lote, nikalifunga kwa kamba ya mgomba.

Picha zikatoka nzuri mno. Nikamwita bibi yake Neema akae katikati.

"Shikamoo, bibi. Sogea kidogo."

Hakusogea. Alikuwa anatazama shada.

"Majani haya umeyatoa wapi?"

"Hapo nyuma, bibi. Sisi plastiki hatutumii," nikajibu, kifua mbele.

"Hapo nyuma amelala mume wangu," akasema taratibu. "Isale hilo nililipanda mwenyewe, kuzunguka kaburi lake."

Nilitamani kupiga magoti nimwombe radhi kama inavyotakiwa kwetu, nikiwa na isale mkononi. Lakini isale lote lilikuwa mikononi mwa Neema, limefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba.