Mimba za Chumba cha Wazima

Kazini walimwita Kulikoni, na hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina jingine. Mlango ukifungwa taratibu, "Kulikoni?" Mlango ukibamizwa, "Kulikoni?" Ukimsalimia kwa furaha asubuhi anakutazama kwanza toka viatuni mpaka utosini, ajue unataka nini. Marehemu mumewe alikuwa akisema mkewe hata kaburini ataingia kageuza shingo, aone nani anamfuata nyuma.

Kazi yake ilikuwa kutunza simbilisi katika maabara moja ya utafiti. Unawajua simbilisi? Vile vinyama vinene visivyo na mkia, vikubwa kuliko panya, vidogo kuliko sungura, vikisikia ndoo ya majani inakuja vinapiga miluzi jengo zima. Pale walikuwa majike wenye mimba watupu. Madaktari walitaka kujua kirusi kinamfikiaje mtoto aliye tumboni, kinapenyaje kondo la nyuma, na kwa nini mtoto mmoja azaliwe mzima na mwenzake azaliwe kiziwi, au asizaliwe kabisa. Huwezi kumwambukiza mwanamke mjamzito ili ukae umtazame, Mungu apishe mbali! Simbilisi hubeba mimba kwa muda mrefu, na kondo lake halitofautiani sana na la binadamu, basi mzigo ukamwangukia yeye.

Vyumba vilikuwa viwili. Chumba cha wagonjwa kilikuwa cha waliochomwa sindano ya kirusi. Ng'ambo ya korido kulikuwa na chumba cha wazima, walimokaa wenzao wasio na kirusi, wa kulinganishia tu. Kulikoni alikuwa mtu wa wazima. Wagonjwa walikuwa chini ya mwanamume mmoja wa makamo aliyehamishiwa pale karibuni, maneno yake adimu kama nini, wakambandika jina la Kimya. Sheria ilikuwa moja: anayetoka kwa wagonjwa avue kila kitu, aoge, abadili nguo, na kwa wazima asikanyage.

Sasa mweke mtu asiyesema kitu karibu na mtu anayeshuku kila kitu, utegemee nini? Toka siku ya kwanza damu zao hazikupatana.

"Huyu ana lake jambo," Kulikoni alimwambia daktari wa wanyama, mwanamama mpole aliyesimamia vyumba vyote viwili. "Mtu mzima hanyamazi hivi bure."

"Labda amechoka, mama."

"Achoke nini? Si amefika juzi tu!"

Yote hayo yangebaki kuwa vichekesho, kama si mambo ya nyumbani. Kulikoni alikuwa na mtoto mmoja tu, dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Mke wa huyo mtoto aliishi kwa mama mkwe, na alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka wakati tumbo limeshaonekana. Kulikoni ndiye aliyemshika mkono hospitali, na ndiye aliyezikunja zile nguo ndogo akazificha juu ya kabati. Hii ya pili ilishafika miezi saba. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na aliihofia vile vile.

Daktari alishamweleza mara chungu nzima kwamba kirusi kile ni cha simbilisi wenyewe, binadamu hakimpati. Kulikoni aliitikia, "Sawa, daktari," na moyoni akasema: ndivyo mnavyosemaga. Alioga kazini, akaoga tena nyumbani, na viatu vya kazi vililala nje hata mvua inyeshe.

Basi katikati ya hofu hiyo, wazima wakaanza kuharibu mimba. Asubuhi moja alimkuta jike amejikunyata pembeni, chakula hakikuguswa, na watoto wawili wamelala juu ya maranda, wamekufa. Siku chache baadaye jike mwingine akafa na watoto wake tumboni. Loo! Machale yakamcheza. Hawa hawana kirusi. Nani kawaletea?

Hakwenda mbali kumtafuta mchawi. Mchana alimwona Kimya, nywele zimelowa, akijipenyeza mpaka dirisha la mwisho la korido, upande wa wazima. Alisimama pale, mgongo kwa watu, ananong'ona. Kesho yake tena. Kulikoni alijibanza nyuma ya pipa la maranda mpaka goti likafa ganzi, asiambulie hata neno moja. Jamani, mtu na akili zake ananong'onea ukuta!

Hata kabla ya hapo alikuwa akiwapapasa mara moja moja, sasa hakutulia kabisa. Akiingia zamu, anamtoa jike mmoja mmoja kizimbani, anamkumbatia, anampapasa tumbo. Wapo? Wanacheza? Mchana tena. Jioni kabla ya kutoka, tena. Majike walipiga kelele, wakamkojolea koti, mioyo yao ikidunda viganjani mwake mbio mbio. Yeye aliona anawalinda. Na kadiri alivyowalinda ndivyo walivyozidi kufa.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mbona sahani imejaa?"

Kiganja kwenye paji la uso. Kiganja tumboni bila hodi, hata binti wa watu akiwa amesinzia. "Amecheza leo? Saa ngapi? Mbona macho mekundu?" Jirani aliyekuja kujulia hali akakohoa kidogo, aliishia mlangoni. Simu ikilia, "Nani huyo, anataka nini na mjamzito?" Binti aliolewa akiwa mcheshi, mtu wa kucheka mpaka machozi. Sasa alijibu neno moja moja, na mashavu yalikuwa yanaingia ndani.

Kulikoni alipoyaona mashavu yale, roho ikamruka. Huyu anapatwa na kile kile! Akaenda kwa daktari mbio, akalipua: Kimya anavusha kirusi, Kimya haogi, Kimya anaua mimba za watu na za wanyama, na asipoondolewa leo yeye atapanda mwenyewe mpaka kwa mkurugenzi. Daktari akaamua damu za wazima zipimwe, na wakati zinapimwa Kimya akae kwao. Kimya alichukua mfuko wake akaondoka bila kujitetea. Kwa Kulikoni, huo ulikuwa ushahidi tosha.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote wawili chumba cha wazima. Kimya alivalishwa koti safi, akasimama mlangoni.

"Hakuna kirusi," daktari alisema. "Wote ni safi, hata waliokufa."

"Vipimo vibovu hivyo!"

"Tumerudia, mama."

"Basi kawatilia sumu! Muulize anafanya nini pale dirishani!"

Kimya akasafisha koo. "Simu. Mtandao unakamata pale tu. Mama yangu amelazwa." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuitoa pale kazini.

Kulikoni akajisogeza kwenye kizimba kilichokuwa karibu ili kuficha aibu, na jike aliyekuwa humo, tumbo limejaa hadi ubavuni, akajirusha ukutani kwa kishindo. Daktari aliona.

"Mama, hawa anawanyanyua nani?"

"Mimi!" Kulikoni alisema kwa fahari. "Asubuhi, mchana, jioni. Nampapasa kila mmoja. Bila mimi mngejua nini nyie?"

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. "Simbilisi mwenye mimba pevu hashikwishikwi, mama. Akitishwa anaacha kula. Akiacha kula na watoto wamejaa tumboni, mwili wake unajila wenyewe, unajitia sumu. Hapa hapana ugonjwa. Hawa wamekufa kwa woga."

"Woga wa nini?"

Jike alikuwa amejibana konani, hatikisiki, anamtazama Kulikoni tu. Naye akatazama mikono yake. Akaomba ruhusa. Mlangoni alisimama mbele ya Kimya.

"Mama anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Kimya akampisha njia. Kama alikuwa amesamehe au hakusamehe, haikujulikana.

Kulikoni alifika nyumbani jua lingali kali. Mkwewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sahani ya mchana iko kwenye stuli, haijaguswa. Mlango ulipofunguka tu, binti aligeuzia tumbo lake ukutani, akalifunika kwa mikono miwili.

Kulikoni akakaa chini, hapo hapo kizingitini.

"Mwanangu, unaogopa?"

"Ndiyo."

"Unaogopa kuugua?"

Binti alitingisha kichwa kukataa. "Nakuogopa wewe, mama. Nikisikia unafungua geti, chakula kinanikwama kooni. Nikijigeuza unauliza, nisipojigeuza unauliza. Kila ukinishika unanitazama kama nimebeba maiti. Na mimi nimeshaanza kuamini."

Maneno yale yalimchoma Kulikoni mpaka ndani kabisa. Alikuwa na majibu mengi: kwamba anampenda, kwamba halali, kwamba mimba ile ya kwanza nayo hakuna aliyeuliza mapema. Yote akayameza.

"Nimekukosea, mwanangu. Sikugusi tena mpaka uniite mwenyewe."

Akatoka, akavuta mlango, akakaa sebuleni kwenye kiti cha mbao. Yalikuwa mateso. Masikio yalimsimama yenyewe. Kijiko kiligonga sahani, kikanyamaza. Amekula? Ameacha? Mbona kimya kimekuwa kirefu? Alishika kiti kwa mikono yote miwili ili asinyanyuke.

"Mama!"

Aliruka, kandambili zikabaki nyuma. "Abee, mwanangu! Nini?"

"Hamna kitu. Nilitaka kujua tu kama upo."

Mkono ulishafika kwenye kitasa. Kulikoni akautoa taratibu.

"Nipo," akasema, akarudi kukaa.